Ufa Ndani ya Ukwato wa Shemeji

Shemeji alianza kuchechemea Jumatano, siku moja tu baada ya mwanangu kumpigilia viatu vipya, na siku hiyo moja ndiyo iliyotuletea balaa. Angechechemea Ijumaa, au wiki iliyofuata, kila mtu angesema farasi kaumia. Lakini farasi akichechemea kesho yake ya kupigiliwa viatu, hakuna anayesema kaumia. Wanasema fundi kachoma. Maana yake msumari umeingia kwenye nyama badala ya kupita kwenye ukucha mgumu wa nje. Na fundi wa kwato aliyemchoma farasi wa mbio siku kumi kabla ya mbio, bora aanze kuziba masufuria.

Jina la Shemeji nilimpa mimi. Alipoletwa kwetu alikula wiki tatu bila kufanya kazi yoyote, akichagua majani, akituangalia kana kwamba sisi ndio tuliofikia kwake. Nikasema huyu si farasi, huyu ni shemeji mtu. Jina likamganda. Hata mwenyewe aliyemnunua, aliyempa jina refu la kwenye makaratasi, aliishia kumwita hivyo hivyo.

Banda letu lilikuwa na vyumba vinane vya farasi, vinne kila upande, katikati kijia cha saruji chenye mfereji wa maji machafu. Mwisho wa kijia ndipo palipokuwa na chumba changu, chenye jiko, mapipa mawili ya pumba, na kiti ambacho mtu mwingine akikikalia nilimtazama tu mpaka akanyanyuka mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupika pumba za farasi, kufua mablanketi yao na kusengenya. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa kwato. Alipofariki, mwanangu akaishika nyundo yake. Mwanangu naye alikuwa na binti mmoja, mpanda farasi, miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama ufito. Mimi nilimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Yeye aliniita bibi mbele za watu, na "we bi kizee" tukiwa wawili.

Miaka mitatu mke mwenzangu alikuwa akiwakimbiza farasi alfajiri kwenye mazoezi, kisha siku ya mbio anapewa mtu mwingine kupanda. Safari hii alikuwa amepewa yeye. Jumamosi ya wiki iliyofuata angempanda Shemeji. Nguo zake za mbio, za kijani, zilitundikwa chumbani kwangu ndani ya mfuko wa nailoni, na nilikatazwa kukaanga kitunguu mpaka mbio zipite.

Basi Jumatano hiyo mwanangu aliunyanyua mguu wa Shemeji, wa mbele wa kulia, akauweka katikati ya magoti yake. Akauminya ukwato kwa koleo lake refu, pande zote. Kila alipominya karibu na kisigino, farasi alivuta mguu na kutikisa kichwa. Mwanangu akakitoa kiatu, msumari mmoja baada ya mwingine, na kila msumari aliutazama kwenye mwanga, akaunusa, akaulaza juu ya kitambaa.

"Mikavu, mama," akaniambia. Msumari uliochoma hutoka na unyevu, au damu, au harufu.

"Basi hukumchoma."

"Watasema nimeipangusa."

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa. Alichimba kidogo kwenye unyayo akitafuta jipu, maana kwa kawaida farasi akichechemea ghafla ni jipu limejificha ndani ya ukwato, ukilipata likatoa usaha anapona siku hiyo hiyo. Hakupata kitu. Nikachemsha maji ya chumvi, tukamloweka Shemeji mguu kwenye ndoo, akakaa mle kama mzee anayesubiri kukatwa kucha. Hakukutoka usaha.

Alhamisi akaja daktari wa mifugo, mwanamke mwenye mabuti ya mpira na sauti ndogo. Mwenye farasi naye akaja, ambaye tulimwita Saa Sita, kwa sababu hakuwahi kufika bandani kabla ya saa hiyo, kazi zote zikiwa zimekwisha.

Daktari alishika mshipa nyuma ya kifundo cha mguu, akafumba macho kidogo. "Unapiga kwa nguvu," akasema. "Na ukwato una joto." Akaminya, akagonga kwa kinyundo, akaangalia matundu ya misumari. Kisha akafungua mkoba wake juu ya pipa langu la pumba, akatoa sindano na kichupa kidogo.

"Nataka kujua maumivu yako wapi," akatueleza. "Yanaweza kuwa begani, gotini, popote. Nitatia ganzi hapa chini tu, pande mbili za nyuma ya kifundo. Akitembea vizuri, nitajua maumivu yamo ndani ya ukwato."

Akachoma huku, akachoma huku. Tukasubiri dakika kumi. Akachukua kalamu, akadonoa ngozi ya kisiginoni kwa ncha yake. Shemeji hakushtuka. Mke mwenzangu akamshika hatamu, akamkimbiza taratibu kwenye kijia cha saruji, kwenda na kurudi, na yule farasi akaja amenyooka, kichwa juu, kwato zinagonga sawasawa kama saa ya ukutani.

"Kapona," akasema Saa Sita.

"Hajapona, mzee. Nimemzima tu. Baada ya saa mbili hivi atarudi alipokuwa."

"Lakini anatembea."

"Anatembea kwa sababu hajui kama ana mguu."

Mimi nilicheka, nikasema hata mimi kuna siku nyingine ningependa sindano hiyo, hasa nikitembelewa na ndugu wa mume. Mwanangu hakucheka. Alikuwa anawatazama Saa Sita na farasi, kwa zamu.

Daktari akaleta mashine yake ya picha. Aliusugua ukwato kwa brashi mpaka ukang'aa, akajaza mifereji ya chini ya unyayo kwa ule udongo laini wa rangi ambao watoto huchezea shuleni. Alisema hewa ikibaki mle, huonekana kwenye picha kama ufa usiokuwepo. Akamsimamisha Shemeji juu ya kipande cha mbao, akapiga picha nne, za mbele, za pembeni, za mshazari. Zikatokea kwenye kompyuta yake. Mfupa wenyewe ni kama ukwato mdogo uliofichwa ndani ya ukwato mkubwa, una mabawa mawili nyuma. Sote tukainama kuangalia, hata Saa Sita, ambaye nina hakika hakujua juu ni wapi na chini ni wapi.

"Sioni ufa," akasema daktari.

Saa Sita akashusha pumzi.

"Sioni, lakini haimaanishi haupo. Ufa mpya kwenye mfupa huu ni mwembamba kuliko unywele, kingo zake zimebanana. Mwili unapotaka kuuziba, kwanza hula zile kingo. Siku kumi, kumi na mbili, ndipo mstari unaonekana. Nitarudi Jumatatu baada ya mbio nipige tena. Mpaka siku hiyo asitoke chumbani. Hata kutembezwa, hapana."

"Na akikimbizwa?" Aliyeuliza ni mke mwenzangu.

Daktari alimtazama yeye peke yake. "Kama ufa upo, ukamkimbiza, unaweza kupanda mpaka kwenye kiungo. Mfupa ukiachana kwenye kasi ile, anaanguka mbele. Yeye hatanyanyuka. Wewe, sijui."

Farasi wa chumba cha pili alikuwa akijikuna kwenye mlango, tukamsikiliza yeye.

"Tatizo la madaktari," akasema Saa Sita daktari alipokwisha kwenda, "wanatishia hata wasichokiona. Picha ni safi. Kama mfupa ni mzima, basi kuna kitu kingine kilichoingia humo ndani Jumanne." Akamgeukia mwanangu. "Fundi, wewe ndiye unayejua ulichofanya."

"Ni jipu," akasema mwanangu. "Litapasuka lenyewe. Jumamosi atakuwa tayari."

Nilimwona akilisema neno hilo, nikaona pia kwamba hakulisema kwa sababu analiamini. Na mimi nilinyamaza. Niseme ukweli, hata mimi nilitaka zile nguo za kijani zitoke kwenye ule mfuko.

Ijumaa daktari akanipigia simu. "Bibi, niliacha kichupa hapo? Cha ganzi, kidogo, kina mfuniko wa bluu."

Nikaangalia juu ya mapipa, chini ya mapipa, nyuma ya jiko. "Hakipo, mwanangu."

"Basi kitakuwa kwenye gari."

Wiki ile ikapita vibaya. Shemeji alisimama chumbani ameupeleka mguu mbele, ncha ya ukwato tu ndiyo inagusa maranda, kama mtu anayeonja maji ya kuoga. Pumba alikula nusu. Mwanangu kila asubuhi alimtoa hatua chache kwenye saruji, nilipochungulia alimrudisha ndani. Akinyooka alitembea afadhali. Akigeuka, kichwa kilidondoka.

"Daktari kasema asitoke," nikamwambia.

"Nanyoosha misuli."

"Yako au yake?"

Mwenyewe alikuwa amekonda, na mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Mke mwenzangu alimuuliza baba yake Jumatano, mbele yangu, akiwa anapaka tandiko mafuta. "Baba, nimpande au nisimpande? Ukisema hapana, nitasema hapana."

"Picha ni safi," akasema baba yake. "Mimi ningekupandisha juu ya farasi mbovu?"

Akaendelea kupaka mafuta. Alimwamini, na kwa nini asimwamini.

Jumamosi ilifika. Lori la kumpeleka uwanjani lilitakiwa kufika saa nne. Saa mbili na nusu nikachukua ndoo ya pumba nikaenda chumbani kwa Shemeji, na nilipofungua mlango nikamkuta amesimama kwa miguu yote minne kama meza. Siku kumi hakuwa ameukanyaga mguu ule sawasawa. Kwa kweli moyo wangu uliruka. Nikasema jipu limepasuka, mwanangu alikuwa sahihi, mimi na daktari wangu wa mabuti tukale jeuri yetu.

Halafu nikaona manyoya ya nyuma ya kifundo yamelowa. Nikainama, kwa kadiri mgongo wangu unavyoruhusu. Upande mmoja palikuwa na tone la damu dogo kama kichwa cha kiberiti. Upande wa pili, jingine.

Nikachomoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nikaugusa mguu wa kushoto kwanza, kisiginoni. Shemeji akauvuta na kunitazama kwa dharau. Nikaugusa wa kulia. Nikadonoa tena. Aliendelea kula.

Mwanangu alikuwa kwenye bomba la nje, ananawa.

"Umemtia ganzi," nikamwambia.

Akafunga bomba. "Sauti, mama."

"Farasi hajui anakanyaga wapi, na mwanao ndiye atakayekuwa juu yake."

"Picha ni safi. Mfupa ni mzima. Kama kuna jipu, atakimbia leo, kesho nitalipasua. Wewe hujui wanavyosema. Saa Sita ameshawaambia watu wa mabanda mengine kwamba nimemchoma farasi wake. Akikimbia leo, habari hiyo imekufa. Asipokimbia, mimi ndiye niliyekufa. Baba alipiga misumari miaka arobaini, hakuwahi kuchoma farasi."

"Baba yako alichoma wawili. Mmoja mweupe, mmoja wa yule mwalimu. Maji ya kuwaloweka nilichemsha mimi, na uongo wa kuwaambia wenyewe nilitunga mimi."

Akakung'uta maji mikononi. "Mama, wewe huwezi kusema jambo moja la kweli hata siku kama ya leo."

Na hapo ndipo nilipojua ninavuna nilichopanda miaka sabini na mmoja. Nilikuwa nimewadanganya wote wale kwa utani mpaka wakachoka. Mwezi uliopita tu nilimwambia mke mwenzangu kwamba mama yake Saa Sita amekuja na mabuti, atampanda Shemeji yeye mwenyewe, na yule mtoto alikimbia mpaka getini kwenda kumzuia. Sasa nikaenda chumbani kwangu, nikamkuta amevaa nguo za kijani, anafunga vifungo vya mikono kwa meno.

"Usipande," nikamwambia. "Baba yako kamtia ganzi Shemeji."

Akacheka. "We bi kizee. Leo usinichezee."

"Sikuchezei."

"Na juzi mama yake Saa Sita hukunichezea." Akanibusu kwenye paji la uso, akanisogeza pembeni kama pazia, akaenda kutafuta kofia yake.

Nikabaki nimesimama. Nilifikiri nimpigie daktari, lakini angechukua saa mbili kufika, na lori lingekuwa limekwisha kuondoka. Nilifikiri nikifiche kile kiatu cha mguu wa kulia, ambacho kilikuwa bado hakijarudishwa, lakini fundi alikuwa mwanangu, angepigilia kingine kabla sijakaa. Basi kama kweli yangu hainunuliki, nikaona niwape ile bidhaa nyingine, ambayo nimeizoea.

Nikarudi chumbani kwa Shemeji. Nikafungua mlango wazi kabisa, nikajilaza juu ya kizingiti, nusu kwenye saruji nusu kwenye maranda, mguu mmoja nikaukunja vibaya chini yangu. Nikamwaga ndoo ya pumba kwa ushahidi. Halafu nikapiga yowe.

Walikuja wote wawili mbio.

"Nyonga," nikasema. "Imelia, ka. Msinisogeze."

"Bibi, uliteleza?" Mke mwenzangu alikuwa amepiga magoti kwenye pumba na nguo zake za kijani.

"Msinisogeze. Mfupa ukiachana nimekwisha. Mwiteni yule daktari wa farasi, ana mashine ya picha."

"Bibi, wewe si farasi."

"Mifupa ni ile ile. Mwiteni yeye, la sivyo sinyanyuki."

Akatoka na simu. Mwanangu akabaki, amechuchumaa, uso wake karibu na wangu.

"Mama, unadanganya."

"Ninyanyue basi."

Akaweka mikono chini ya mabega yangu. Nikatoa mlio ambao hata mimi ulinitisha. Akaitoa mikono.

Jambo moja tu sikulifikiria kabla ya kujilaza pale, nalo ni Shemeji mwenyewe. Kichwa changu kilikuwa ndani ya chumba chake. Ule mguu wa kulia ulikuwa karibu na sikio langu, umbali wa kiganja kimoja. Farasi hamkanyagi mtu aliyelala, mume wangu alinifundisha, kwa sababu anahisi kilicho chini yake na hukihama. Huyu alikuwa hahisi. Alijisogeza kufuata pumba zilizomwagika, na ukwato ukashuka juu ya ncha ya kitambaa changu, ukabaki pale na uzito wake wote, kitambaa kikanivuta nywele. Hakujua. Nikafumba macho nikaanza kusali, na sikuwa nimesali kwa adabu namna hiyo tangu nimzae huyo aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu.

Alikuwa ameuona ukwato. "Mama, toka hapo," akasema polepole. "Atakukanyaga."

"Kwa nini anikanyage? Farasi hakanyagi watu."

Alinyoosha mkono akalisukuma bega la Shemeji, taratibu, mpaka mguu ukanyanyuka, akakichomoa kitambaa. Mkono hakuutoa tena kwenye bega la yule farasi.

Saa nne lori likaja, na ndani yake Saa Sita, mapema kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Ni nini hiki?"

"Mama ameanguka," akasema mwanangu.

"Pole. Mviringisheni kwenye blanketi, mumvute. Dakika tano tu, farasi apite."

"Mama yangu havutwi kama gunia."

"Basi aruke juu yake."

Mwanangu alisimama wima kwenye mlango, akamtazama Saa Sita, na Saa Sita akarudi nyuma hatua moja, akaanza kupiga simu kwa mtu nisiyemjua.

Tukasubiri hivyo. Saruji ilikuwa baridi na mkojo wa farasi ulikuwa umeanza kunifikia. Mke mwenzangu alikaa sakafuni, amenishika mkono, ananipa habari za daktari: yuko njiani, yuko kwenye taa za barabarani, yuko karibu. Alikuwa ananiangalia mimi. Lakini aliyezoea kuangalia farasi haachi, na katikati ya sentensi nikaona macho yake yanapanda juu ya kichwa changu.

Shemeji alikuwa ameanza kuhamisha uzito. Kwanza kidogo, kama mtu aliyekaa muda mrefu kanisani au msikitini. Kisha akaupeleka mguu mbele, ncha ikagusa chini. Kisha akaunyanyua kabisa, akauweka hewani juu ya uso wangu, ukwato unatikisika, na hakutaka kuushusha.

"Asubuhi alikuwa amesimama sawa," akasema mke mwenzangu. "Nilimwona. Alikuwa amesimama sawa."

Akauachia mkono wangu. Akanivuka, akainama nyuma ya kile kifundo, akatenganisha manyoya kwa vidole. Akaangalia upande mmoja, akaangalia upande wa pili. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona matone mawili ya damu.

Aliponyanyuka hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake, na baba yake aliangalia mfereji.

Basi nikanyanyuka. Nikapangusa maranda, nikarekebisha kitambaa, nikaokota ndoo.

"Huyu mama ni mzima," akasema Saa Sita.

"Nimepona," nikamwambia. "Picha safi."

Daktari alitukuta tumesimama hivyo, kila mtu kwenye pembe yake. Alidhani amekuja kumwona bibi aliyevunjika. Mke mwenzangu akamwambia maneno matatu tu, naye akaenda garini kuleta mashine. Brashi, udongo wa watoto, kipande cha mbao. Safari hii hatukuinama wote. Saa Sita alikuwa ameshaamua kupakia farasi wa chumba cha nne badala yake, na mpandaji mwingine alikuwa akimsubiri uwanjani. Tulisikia lori likifungwa.

Kwenye kompyuta mstari ulionekana hata kwangu, bila miwani. Mweusi, mwembamba, kama uzi wa kushonea. Ulianzia ukingoni mwa bawa moja la ule mfupa, ukapanda mshazari kuelekea kwenye kiungo, ukakomea kabla haujafika. Daktari akaweka ukucha wa kidole chake kidogo kwenye kile kipande kilichobaki. Nafasi ya punje moja ya mchele. Hakusema kingetokea nini kwa mzunguko mmoja wa uwanja.

"Huenda alipiga ukuta teke, au alikanyaga jiwe," akasema. "Misumari yako, fundi, imepita huku nje kabisa. Angalia. Matundu yako safi, hujamgusa. Ungesubiri mpaka Jumatatu, picha hii ndiyo ingekutetea." Akageuza uso. "Lakini hizi sindano mbili si zangu."

Mwanangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa chenye mfuniko wa bluu, akakiweka juu ya pipa. Kilikuwa kimebaki nusu. Ile nusu ilikuwa ya kumtia tena uwanjani.

Daktari akaeleza dawa yake. Kiatu kilichofungwa nyuma kwa ubapa wa chuma, chenye masikio pande zote ya kuubana ukwato, usitanuke kila anapokanyaga, mfupa upate kutulia. Miezi sita ndani ya chumba, labda zaidi. Picha kila baada ya muda. Na hata hivyo hakuahidi kitu, kwa sababu mfupa huu una tabia ya peke yake: mstari unaweza kubaki kwenye picha miaka na farasi akawa mzima, na unaweza kufifia na bado akawa mbovu. "Hatutajua kwa kuangalia," akasema. "Tutajua siku atakapokimbizwa, na mtu akiwa juu."

Kisha akasema kiatu kile kinataka mkono mzuri, na kwamba wapo mafundi wengine anaowajua.

"Atengeneze yeye," akasema mke mwenzangu. "Mguu nitaushika mimi."

Mwanangu akawasha moto. Akakunja chuma, akakipima, akarudi motoni, akakipima tena, mara nne, mpaka kikakaa. Daktari akamtia Shemeji ganzi kwa mkono wake mwenyewe, kidogo, ili nyundo isimuumize, na farasi akiwa hatakwenda popote. Mke mwenzangu akauweka ule ukwato juu ya mapaja yake, kwenye nguo za kijani zilizojaa pumba. Mwanangu akaingiza misumari mdomoni, akaibana kwa midomo, vichwa nje, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Akainama. Vichwa vyao vilikaribia kugusana.

"Ungeniambia lini?" akauliza mke mwenzangu.

Fundi aliyejaza misumari mdomoni hawezi kujibu. Akachukua wa kwanza, akagonga. Akachukua wa pili. Alipiga taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akipiga, kila pigo anasikiliza sauti yake, na kila baada ya msumari alikaa kidogo kabla ya kuchukua mwingine. Binti yake hakurudia swali. Alikuwa anaitazama ile misumari kwenye midomo ya baba yake ikipungua, mitatu, miwili, mmoja.

Akauchukua wa mwisho. Akaugonga mpaka ukazama, akakunja ncha yake, akaipiga tupa mpaka ikalainika, akapitisha kidole gumba kuhakikisha. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya kwenye ule mguu. Nyundo ilikuwa mkononi mwake na midomo yake ilikuwa mitupu, na mke mwenzangu hakuuachia ukwato.